Kilo za mufuko wetu, nani anaziona?

Kila mwaka mu Ulaya, mafundi wa programu moja inayoitwa PostgreSQL wanakusanyika kwa siku ine. Mu mwezi wa kumi 2024 walikuwa Athens, ku Ugiriki. Mu mwezi wa kumi 2025 walikuwa Riga, ku Latvia. Mazungumzo yao ni juu ya daftari: namna gani daftari ya ku ordinatere isipoteze mustari hata umeme ukikatika, namna gani watu mia waandike kwa saa moja bila kufutiana.

Musomaji wa kwetu Wamaza, Kasongo ao Kabambare, atatuuliza: ile inatugusa wapi, sisi wenye kushika chepe na kuosha muchanga?

Inatugusa. Programu ile hailipishwi. Mizizi yake ni kazi iliyoanza 1986 ku Universite ya Berkeley, Marekani, na kode yake iko wazi: kila mutu anaweza kuisoma, kuikopia, kuitengeneza. Tena haiko mbali. Ripoti ya kila mwezi ya santre de sante, wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa, inaingizwa mu DHIS2, programu ya bure ya Universite ya Oslo, Norvege. Na chini ya DHIS2 kuko PostgreSQL. Mama akipeleka mutoto kupimwa malaria ku Kabambare, hesabu yake inaishia mu daftari ya mafundi wale wale.

Sasa tuangalie mufuko wa kasiterite. Hatukusahau tarehe 11 mwezi wa tisa 2010: Serikali ilifunga uchimbaji mu Maniema na mu Kivu zote mbili, mpaka mwezi wa tatu 2011. Ilipofungua, wanunuzi wakubwa wa inje walidai ushahidi kwamba madini haikupita mu mikono ya wenye bunduki. Njo maana ya etiketi za mpango wa iTSCi. Ajenti wa Serikali anafunga mufuko ku kariere, anaandika mu kaye namba, kilo, tarehe na mahali. Ku depo ya negosia etiketi ya pili inafuata, na namba mbili zinaungwa. (Zahabu ya Salamabila haimo mu mpango ule; tutairudilia siku ingine.)

Kuunga namba njo kazi ya daftari ya namna ile. Tablo moja ya kariere, moja ya mifuko, moja ya manegosia, na namba ya etiketi ni kamba inayozifunga pamoja. Ikitengenezwa vizuri, inakataa etiketi ya pili kama ya kwanza haijaandikwa. Inakataa pia mufuko moja kutoka kariere mbili. Edgar Codd wa IBM aliandika wazo ile mu 1970, na benki zinaitumia mpaka leo.

Lakini ordinatere haina macho. Ajenti akiandika kilo 40 pahali pa 50, itashika 40 kwa uaminifu wote. Namba itatoka mu kaye, itafika Kindu, itavuka bahari. Na muchimbaji aliyebeba mufuko ule ku kichwa, kama hana karatasi mukononi, ataonyesha nini?

Tuseme wazi: etiketi iliwekwa kwa kutuliza roho ya munununuzi wa mbali. Muchimbaji alibaki mutu wa kuhesabiwa, hakuwa mutu wa kusoma hesabu. Tunaomba Divisheni ya Mines, SAEMAPE na makoperative wakubaliane. Mufuko ukifungwa, mwenyewe apewe karatasi yenye namba na kilo. Orodha ya mwezi itundikwe ku kariere, kwa Kiswahili. Na mwenye telefone, hata ile ndogo ya vibonyezo, atume namba ya etiketi na ajibiwe kilo zilizoandikwa.

Watatuambia pesa hakuna. Fundi, umeme wa jua na intaneti vinalipiwa, hatukatai. Lakini programu yenyewe haina bei, na Kindu kuko vijana wanaosoma informatike na hawana kazi. Wapewe kaye ya kariere moja tu, ya Kasongo ao ya Kabambare, kwa miezi sita, na wachimbaji wa pale waketi nao wakati wa kusoma kilo.