Mafuriko ya Jangwani: Mungu anasingiziwa bure

Test zimebana, ndiyo maana kimya kimezidi. Leo naandika kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Jana usiku rumu kwetu ulizuka ubishi. Mvua inapiga kwelikweli, mshikaji mmoja akasema, "Kesho Jangwani hakupitiki. Watu wa mabondeni hawasikii, wabomolewe wote." Mwingine akamalizia kwamba yote ni mipango ya Mungu.

Mimi nakataa.

Tuanze juu. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unaingia baharini karibu na daraja la Salender. Zamani mvua ilikuwa inakutana na miti, majani na udongo: maji mengi yananyonywa, yaliyobaki yanashuka taratibu. Sasa yanakutana na bati, sementi na lami. Hayana pa kuzama, yanashuka yote kwa mpigo, yamebeba mchanga na takataka. Mchanga unajaza mto, kina kinapungua, maji yanahamia vyumbani mwa watu. Hapo Mungu kakosa nini?

Desemba 2011 mafuriko yaliua takriban watu 40 Dar, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Tukasema tumejifunza. Haya, nani alijenga kituo cha mabasi ya mwendokasi palepale Jangwani? Siyo mama ntilie aliyejenga usiku bila kibali. Mabasi yalianza 2016, na maji yamekifuata kituo hicho zaidi ya mara moja. Maskini akijenga bondeni anaitwa mbishi. Wenye ramani na wahandisi wakijenga, yanaitwa maendeleo!

Sisemi watu wabaki bondeni wafe. Nasema ukimhamisha wa chini huku wa juu anamwaga sementi uwanja mzima, umehamisha maiti, siyo mafuriko. Kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake 2022, na sehemu ya bonde inatakiwa iwe bustani. Safi sana. Lakini bustani hiyo itajaa mchanga kama vilima vitaendelea kunyolewa.

Na sisi wasomi tusijitoe. Wengi wetu ndoto ni kiwanja, ukuta mrefu na uwanja wa vitofali mpaka getini. Siku ukijenga, acha nusu ya uwanja iwe udongo na miti. Maji yako yazame kwako, usimtumie wa Jangwani.

Naomba kuwasilisha. Anayebisha aje na hoja.