Keshia wa Malaba asilipishwe uchovu wake

FOLENI ya malori Malaba imepigwa picha mara nyingi, hasa Januari 2022 madereva walipogomea kulipia vipimo vya Covid-19. Foleni ya ndani ya benki haipigwi picha. Mpaka unafanya kazi saa 24, kwa hiyo mlango wa benki unapofunguliwa asubuhi, keshia anawakuta mawakala wa forodha wanaotaka kulipa ushuru ili lori liondoke, wachuuzi, na madereva waliolala barabarani. Hakuna mwenye subira.

Na shilingi ni mbili. Elfu moja ya Kenya ni zaidi ya 25,000 za Uganda. Sifuri moja ikisahaulika, hesabu ya siku nzima imeharibika. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilitiwa saini Novemba 2013, sarafu moja ikaahidiwa mwaka 2024, na sasa tunaambiwa 2031. Wakuu wanaweza kungoja. Keshia anabadilisha kichwani kila siku.

Jioni hesabu isipotimia, pengo huzibwa na mshahara wake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata upungufu uliotokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu. Mwizi na akatwe, hatumtetei. Lakini aliyekosea saa kumi jioni, hajala mchana, huku meneja akimuuliza amefungua akaunti ngapi mpya wiki hii, ni mzembe? Tunasema hapana. Uzembe ni wa aliyemweka peke yake dirishani foleni ikiwa imefika mlangoni.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa kupindukia hutokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Chanzo ni kazi, si ulegevu wa mtu. Mteja anauona upesi: keshia anarudia kuhesabu mara tatu, anajibu kwa ukali, noti bandia inampita. Baadaye ni ruhusa za ugonjwa, kisha barua ya kuacha kazi, na mgeni asiyejua mpaka anaketi kwenye kiti kile kile.

Upande wa Tororo, Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inaweka saa 48 za kawaida kwa wiki. Saa za kufunga hesabu baada ya wateja kuondoka nazo ni kazi, zihesabiwe. Malengo ya mauzo yaondolewe kwa mtu anayeshika fedha taslimu. Na kabla shilingi moja haijakatwa, ya Kenya au ya Uganda, meneja aandike na kutia saini: siku hiyo keshia alikaa dirishani saa ngapi, alihudumia wateja wangapi, na alipumzika lini. Vyama vya wafanyakazi wa benki vianze kuidai karatasi hiyo mwezi huu.