Mtoano Ndio Ulioua Kijiwe Chetu

Vijana wenzangu, leo sikuja na hadithi. Hadithi zangu mtazisoma toleo jingine, mhariri akizikubali. Leo nimekuja na ugomvi, na wa kwanza ninayegombana naye ni mimi mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa 16. Hesabu naikumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyeshika daftari. Watu 16 kwenye baraza ya nyumba moja pale Magomeni, meza mbili za kuazima kwa mama ntilie, viti vya plastiki, na wengine wamekaa juu ya ndoo. Tulikuwa tunacheza Magic: The Gathering, zile karata zenye picha za wachawi na majoka. Jumamosi ya sita tulikuwa wanne, wale wale wanne tulioanzisha. Tukakunja meza, tukatazamana, tukatoa hukumu: "Wabongo hawana utamaduni wa michezo ya kutumia akili."

Ndugu msomaji, huo ni uongo wa mchana kweupe. Pita jioni yoyote kwenye vijiwe vyetu. Utawakuta wazee wameinamia bao, mashimo 32, kete 64, mtu anahesabu kichwani mitaji inayozunguka ubao mzima bila kugusa kalamu. Hatua mbili mbele utawakuta vijana wanapigana drafti kwa vizibo vya soda, na watazamaji kumi wamesimama wanabishana kuliko wachezaji. Watu wa namna hiyo wakiikimbia meza yako, ujue meza yako ina kasoro. Kijiwe chetu kiliuawa, na wauaji nawajua kwa sura.

Kwa asiyeujua, mchezo huu ulibuniwa na Mmarekani Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, na kampuni ya Wizards of the Coast ikautoa mwaka 1993. Tofauti yake na wahedi wa sitini au lasti kadi ni kwamba hapa hakuna fungu moja la karata la watu wote. Kila mchezaji anakuja na fungu lake, kadi 60 au zaidi, alizozichagua mwenyewe. Kadi ya jina moja haitakiwi kuzidi nne, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Unaanza na kadi saba mkononi na uhai 20, mwenzako vivyo hivyo, halafu kila mmoja anatafuta njia ya kummaliza mwenzake. Kadi zilizotolewa tangu mwaka ule ni maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo nusu ya mchezo inachezwa kabla hujakaa mezani, usiku, unapokuna kichwa ukiamua ipi iingie na ipi ibaki. Anayeandika riwaya ataelewa raha yake na mateso yake.

Sasa nianze na muuaji wa kwanza, mtoano. Sisi mashindano tumeyajulia kwenye mpira wa mchangani: ukifungwa, kwaheri. Tukauchukua mtindo huo mzima mzima. Matokeo yake? Kijana katoka Mbagala, kabadilisha daladala mbili, kafika, kakaa, kafungwa ndani ya dakika 20, kaambiwa asante sana. Afanye nini tena? Akae atutazame sisi tukila raha? Wiki ya pili hakuja, na mimi ningekuwa yeye nisingekuja.

Piga hesabu uone. Watu 16 wakicheza mtoano, inachezwa michezo 15 tu, na watu wanane wanacheza mmoja mmoja wanakwenda zao. Lakini upo mfumo wa Uswisi, uliotumika mara ya kwanza kwenye mashindano ya sataranji mjini Zürich mwaka 1895. Katika mfumo huo hakuna anayetolewa. Raundi ya kwanza mnapangwa kwa bahati. Raundi ya pili walioshinda wanakutana wao kwa wao, na walioshindwa wao kwa wao, na kuendelea hivyo. Watu 16 wanahitaji raundi nne tu: baada ya ya kwanza wasiofungwa ni wanane, kisha wanne, kisha wawili, kisha mmoja. Bingwa mmemjua, na michezo iliyochezwa ni 32 badala ya 15. Kila mtu kacheza mara nne. Na aliyefungwa mapema anazidi kukutana na wa kiwango chake, kwa hiyo hata mgeni wa jana ana nafasi ya kurudi nyumbani na ushindi mmoja mfukoni. Unahitaji nini? Daftari, kalamu, na mtu mwenye subira. Daftari nilikuwa nalo, kalamu nilikuwa nayo.

Hata wenyewe wenye mchezo walijifunza jambo kama hili. Mwaka 1996 walianzisha Pro Tour, mashindano makubwa ya fedha, ya kwanza yakafanyika New York. Wachezaji wangapi wa mtaani wangefika kule? Ndipo mwaka 2000 ikaja Friday Night Magic, jioni za Ijumaa kwenye maduka ya kawaida, mtu anatoka kazini anapitia, anacheza raundi zake, anakwenda kulala. Mabingwa wanatoka kwenye meza ndogo za namna hiyo. Sisi tukataka kuanza na New York kabla hatujawa na Ijumaa.

Muuaji wa pili ni kitita. Alikuwepo jamaa mmoja kati yetu mwenye mjomba ng'ambo. Kadi zake zilikuja kwenye begi, zimevalishwa nailoni moja moja. Wengine tulikuwa na za kuokoteza, za kubadilishana, za kuachiwa na wageni. Simlaumu yule jamaa. Kanuni tulizitunga sisi, naye alizifuata. Lakini mchezo huu toka mwanzo umejengwa juu ya uadimu. Pakiti za mwanzo zilikuwa na kadi 15: moja adimu, tatu za wastani, 11 za kawaida. Unanunua ukiwa gizani, na ile adimu ndiyo inayotafutwa. Mwaka 2021 kadi moja ya Black Lotus ya toleo la kwanza kabisa iliuzwa kwa zaidi ya dola 500,000 za Marekani. Karatasi moja! Sasa ukisema "kila mtu aje na alichonacho", maana yake umekwisha kugawa ushindi kabla kadi hazijachanganywa.

Wapo watakaonijibu kwamba ndivyo dunia ilivyo, mwenye nacho huongezewa. Siafiki. Dunia iko hivyo, lakini baraza ni yetu. Dawa zipo na wala si ngeni. Ya kwanza inaitwa Pauper, yaani fukara: kadi za kawaida tu ndizo zinazoruhusiwa. Ilianzia kwa wachezaji wenyewe, na mwaka 2019 ikapata sheria moja rasmi ya kadi za mkononi. Dawa ya pili naipenda zaidi. Kijiwe kinakusanya kadi 360 kwenye boksi moja, kila moja tofauti na mwenziwe. Watu wanane wanakaa duara, kadi zinagawanywa vifungu vya 15, vitatu kwa kila mtu. Unachagua kadi moja, vilivyobaki unampa jirani, naye anachagua, mpaka kila mmoja ana 45. Kutokana na hizo, ukiongeza kadi za ardhi, unaunda fungu la 40 na kucheza. Jioni ikiisha zote zinarudi boksini. Mwenye mjomba na asiye na mjomba wamechota chungu kimoja. Hapo ukinifunga, umenifunga kwa kichwa chako.

Muuaji wa tatu ni zawadi. Kila mtu alitoa hela kidogo, zikawekwa kwenye kopo, mshindi akabeba lote. Tulidhani fedha ndiyo itakayowavuta watu. Kweli iliwavuta, wiki mbili. Wiki ya tatu kila mtu alishajua nani ataondoka na kopo, sisi wengine tukageuka wafadhili wake. Na wazee waliokuwa wakipita wakisema "vijana wazima mnacheza kamari", tuliwaona washamba. Leo nasema walikuwa na nusu ya haki. Mchezo wenyewe si kamari, hilo nitalitetea mpaka kesho. Lakini sisi tuliufanya kamari. Na msifikiri ni sisi tu: kanuni za mwanzo za mwaka 1993 zilitaka kila mchezaji aweke kadi moja rehani, mshindi aichukue moja kwa moja. Watu walichukia kupoteza kadi zao, na harufu ya kamari ikaanza kuleta balaa, utaratibu ule ukaachwa. Kadi zilizohusu rehani zimepigwa marufuku mashindanoni. Wenye mchezo walijisahihisha. Sisi, mtaani ambako vibanda vya kubeti vinawala vijana mchana na usiku, tukaenda kuokota walichokitupa.

Michango iwepo, lakini inunue maji, bunda la karatasi, na nauli ya yule wa mbali. Bingwa jina lake liandikwe ukutani kwa chaki. Kama hilo halimtoshi, vibanda vya kubeti anavijua vilipo.

Nimefika kwa muuaji wa nne, na hapa sauti yangu inapungua. Kadi hizi zimeandikwa Kiingereza. Si Kiingereza cha "good morning", ni Kiingereza cha sheria, sentensi moja ina masharti matatu. Sisi tuliomaliza sekondari tulijiona wafalme. Alikuja kijana mmoja fundi viatu, elimu yake darasa la saba, fundi wa drafti anayeogopwa mtaa mzima. Akakaa mbele yangu. Akaniuliza kadi yangu inasema nini. Nikaisoma haraka haraka kwa Kiingereza, tena kwa puani, jamaa zangu wakacheka. Akauliza tena. Nikamwambia, "Mshikaji, hapa si kwenye vizibo." Wakacheka zaidi. Alimaliza mchezo kimya, akanishika mkono, akaondoka. Nilishinda kwa kadi ambayo hakuielewa. Ushindi ule niliuandika kwenye daftari kwa mkono wangu mwenyewe, na mpaka leo upo.

Mimi ninayejiita mwandishi wa Kiswahili! Mimi ninayelalamika kila toleo kwamba lugha yetu inadharauliwa! Nilikuwa na nafasi ya kuitumia pale pale, mbele ya mtu mmoja aliyeihitaji, nikamfungia mlango. Na kazi yenyewe si ngumu kihivyo. Zile kadi unazochota ni maktaba. Zilizotumika zinakwenda makaburini. Kadi ya ardhi ukitaka ikupe nguvu unailaza ubavu, zamu yako ikirudi unaisimamisha. Viumbe vinashambulia, vingine vinakinga. Mtu anaelewa kwa nusu saa. Kadi 360 za boksi letu, waandishi wanne wakigawana 90 kila mmoja, zinaandikwa tafsiri kwenye daftari kwa wiki chache. Tena ni zoezi zuri kuliko haya mashairi ya mapenzi tunayomletea mhariri, maana ukikosea neno moja mchezo unaharibika na watu wanakushika shati.

Najua atatokea wa kuniuliza: kwa nini ushughulike na majoka ya Wazungu wakati bao lipo? Ndugu yangu, bao halihitaji nikutetee, liko salama kwa wenyewe. Mimi nasema tujifunze kwa bao namna ya kukaa. Pale barazani mgeni hasomewi kanuni kwa pua. Anasimama siku nyingi akitazama, anasikia wanavyobishana, siku mzee mmoja akichoka anaambiwa, "Kijana, kaa hapa." Anafungwa, anacheka, anaonyeshwa alipokosea, kesho anarudi. Hakuna mfadhili, hakuna kopo, hakuna mtoano. Na mafundi wanazaliwa.

Sisi waandishi chipukizi, ugonjwa wetu ni huo huo. Tunasubiri mchapishaji, tunasubiri shindano la zawadi, tunasubiri mtu wa ubalozi. Akija mwenzetu na hadithi yenye makosa ya herufi tunamcheka mbele za watu, mtoano wa raundi ya kwanza, halafu mwaka unaofuata tunaandika makala kwamba Watanzania hawapendi kusoma. Nani kawafukuza?

Wiki iliyopita nilikwenda kwa yule fundi viatu. Nilipeleka kiatu, kilikuwa na tatizo kweli. Akakishona, nikamlipa, ndipo nikamwambia lililonileta. Alinisikiliza huku anapiga nyundo. Akasema Jumamosi ana kazi nyingi. Sikumlaumu. Nikamwachia kadi kumi, na karatasi yenye maana zake kwa Kiswahili, mwandiko wangu.

Jumamosi ijayo meza zinatandikwa tena, baraza ile ile. Viti vinane, boksi moja, raundi tatu, hakuna anayetolewa. Anayetaka kuja kushinda hela asije. Anayetaka kuuliza kadi inasema nini aje mapema, nitamsomea pole pole.

Naomba kutoa hoja.