Tutembelee Miji ya Wakristo: Viterbo, Mji wa Maji Moto

Leo twende kwa miguu katika mji wa Viterbo, nchini Italia, mwendo wa kilometa 80 hivi kaskazini ya Roma. Zamani mahujaji waliokwenda kusali penye kaburi la Mtakatifu Petro walipita hapa na kupumzika.

Tuanzie nje ya kuta, penye chemchemi iitwayo Bullicame. Milima iliyo karibu ilikuwa volkeno zamani, na joto lililobaki ardhini huchemsha maji. Yanatoka yakiwa na digri 58 hivi, nayo yananuka kiberiti. Tangu enzi za Waroma wagonjwa wamekuja kuoga huku. Katika karne ya 15 Papa Nikolao wa Tano alijenga nyumba ya kuogea, na hata leo mahali pale paitwa Bafu za Mapapa.

Sasa tuingie mjini, tupande mpaka Kanisa Kuu la Mtakatifu Laurenti. Kando yake lasimama Jumba la Mapapa. Papa Klementi wa Nne alipofariki mwaka 1268, makardinali walikutana hapa kumchagua Papa mpya, wakashindwa kupatana karibu miaka mitatu. Wenyeji walichoka: wakawafungia ndani, wakawapunguzia chakula, mwishowe wakaondoa paa, mvua na jua viwaguse. Mnamo tarehe 1 Septemba 1271 alichaguliwa Gregorio wa Kumi, aliyekuwa arkidiakoni wa Liège, Ubelgiji. Yeye mwenyewe hakuwapo. Alikuwa mbali, katika Nchi Takatifu. Mwaka 1274 aliweka sheria kwamba makardinali wafungiwe mpaka wamalize kazi. Ndiyo maana mkutano ule waitwa konklave, yaani chumba kifungwacho kwa ufunguo.

Tushuke katika mtaa wa San Pellegrino, wenye nyumba za mawe ya kijivu na ngazi zilizojengwa nje ya kuta. Kutoka hapa twaenda kwa Mtakatifu Rosa. Msichana huyu alikuwa maskini, akawahimiza watu njiani wawe waaminifu kwa Kanisa, hata akafukuzwa mjini pamoja na wazazi wake. Yasimuliwa kwamba aliomba kuingia katika nyumba ya watawa, wakamkataa. Alifariki mwaka 1251, akiwa na umri wa miaka 18 hivi. Lakini mwaka 1258 Papa Aleksanda wa Nne aliamuru mwili wake uhamishiwe katika nyumba ile ile.

Kwa ukumbusho huo, kila mwaka usiku wa tarehe 3 Septemba, wapagazi wapatao mia moja huchukua mabegani mnara wa mataa wenye urefu wa meta 30 hivi na uzito wa tani tano, wakipita njia nyembamba. Kabla ya kuuinua hupokea baraka kama ile ya watu walio karibu na kufa, kwa maana mmoja akiteleza, wote wamo hatarini.

Enyi wazazi nanyi wanafunzi, tupime mambo haya. Wakubwa wenye elimu walishindwa kupatana chini ya paa zuri. Wapagazi wasio na cheo hupatana chini ya mzigo. Maji ya moto huponya viungo vya mwili, lakini ukaidi wa moyo hauponywi kwa kuoga. Nyumba isiyo na amani haihitaji kwanza mali. Yahitaji mabega yanayokubali kwenda hatua moja. Naye mtoto tunayemdharau leo mlangoni petu, labda ndiye Mungu aliyemwandalia mahali pa heshima.