Chini ya antena, moshi ni wa kuogopwa kuliko mawimbi

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, antena ya simu ikisimama kati ya nyumba za watu, maneno huanza mara moja. Wengine husema inaleta kansa, wengine husema inaharibu uzazi. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Mzazi ana haki ya kujua kitu kinachowekwa karibu na mahali watoto wake wanapolala. Shida ni kwamba wakaaji wengi wanaogopa kisichostahili na kuacha kinachostahili.

Mawimbi ya simu ni ya jamii moja na yale ya redio na televisheni. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama miale ya eksirei. Athari iliyothibitishwa ni moja: kupasha mwili joto, na vikomo vya kimataifa vimewekwa chini sana ya kiwango ambacho joto hilo linaweza kudhuru.

Mwaka 2011, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kansa, IARC, kiliweka mawimbi hayo katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikaleta kansa lakini ushahidi wake ni mdogo. Wengi walisikia neno kansa tu, wakaishia hapo. Mwaka 2024, watafiti walioombwa na OMS walichapisha uchambuzi wa tafiti 63. Hawakuona uhusiano kati ya simu na kansa ya ubongo, hata kwa watu walioitumia miaka 10 na zaidi.

Kuna jambo lingine lisilosemwa sana. Mawimbi mengi yanayompata mtu hutoka katika simu iliyo sikioni mwake, si katika antena. Ukienda mbali mara mbili, nguvu ya mawimbi inabaki robo. Tena, rezo ikiwa dhaifu, simu huongeza nguvu ili ifikie antena ya mbali. Kwa hiyo mtaa unaofukuza antena unaweza kuwaongezea wakaaji wake mawimbi kichwani.

Lakini antena nyingi katika nchi yetu, pale umeme unapokosekana, huendeshwa na jenereta ya mazuti. IARC ile ile, mwaka 2012, iliweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza: vitu ambavyo imethibitishwa kwamba vinaleta kansa. Mama anayelalamika kwamba watoto wanakohoa na hawalali kwa sababu ya makelele ana hoja yenye nguvu kuliko jirani yake anayeogopa mawimbi. Ila hoja yake haisikiki, kwa kuwa wote wanatazama juu ya mnara.

Hii haina maana kwamba kampuni za simu ziaminiwe kwa maneno tu. Septemba 2023, Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 baada ya kuipima na kukuta wati 5,74 kwa kilo pale kikomo kilikuwa 4 kwa simu iliyoshikwa mkononi au kuwekwa mfukoni. Apple ililazimika kurekebisha programu yake. Hakuna aliyechoma mnara. Serikali ilipima, ikatangaza, ikadai.

Hiyo ndiyo njia. ARPTC, yenye kazi ya kusimamia simu nchini, ipime mawimbi karibu na nyumba, shule na hospitali, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kata, kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Kampuni ziondoe jenereta karibu na madirisha ya watu na kuweka sola. Na mwenye kuendelea kuogopa mawimbi atumie ekuta, au aandike ujumbe pale rezo ni dhaifu.

Mkaaji mwenye vipimo mkononi anasikilizwa. Mwenye uvumi anafukuzwa, hata siku ambayo ana haki.