Ukipata gari la zamani, usikimbilie kulipiga rangi

Ukiingia mitandaoni wikendi yoyote hutakosa video ya kijana aliyenunua gari la zamani, tuseme Peugeot 504 au Volkswagen Beetle, akalisugua hadi chuma, akalipiga rangi nyekundu ya kung'aa, akalivalisha rimu kubwa na viti vipya vya ngozi. Sekunde 40, muziki juu, na chini watu wameandika "Moto sana!" na "Ndai kali!"

Mimi hunivutia nusu ya kwanza ya hizo video. Pale gari lingali na rangi iliyofifia, bampa lenye kovu, usukani uliolainishwa na mikono ya watu, na nambari ya usajili ya zamani isiyo na herufi ya mwisho. Halafu mtu anawasha mashine ya kusugua, na moyo wangu unaanza kuuma.

Msimamo wangu ni huu, na najua wengi watanipinga. Kijana anayependa magari ya zamani, na ambaye hana mamilioni ya kuchezea, atafute gari ambalo halijaguswa. Alitengeneze liende vizuri na lisimame vizuri. Kisha aliache na sura yake.

Tuanze na mfuko, maana huko ndiko ndoto nyingi hufia. Watu hudhani kufufua gari ni kulipiga rangi. Rangi ni mwanzo tu. Ukishapiga rangi mpya, mipira ya milango inaonekana michafu. Ukibadilisha mipira, chuma cha kung'aa cha bampa kinaonekana kimekufa. Ukishughulikia bampa, viti vinakuaibisha. Kila kazi inaita nyingine, na vifaa vingine haviko Nairobi, itabidi viagizwe ng'ambo. Pita gereji yoyote ya mtaani na uangalie kule nyuma. Utaona gari lililofunguliwa kitambo, milango kando, taa kwenye katoni, boliti kwenye mkebe wa rangi. Mwenyewe aliishiwa na doo, au alihamia mji mwingine, au alioa. Lilikuja likiwa gari. Sasa ni rundo la spea.

Gari zima ambalo halijaguswa linataka vitu vichache zaidi. Betri. Mafuta ya injini. Kusafisha tangi na kabureta, kwa sababu petroli iliyokaa miaka huacha uchafu mzito. Mipira ya mafuta na ya redieta. Breki zote. Tairi. Kazi hizi unaweza kuzifanya moja moja, mshahara huu breki, mshahara ujao tairi, na gari linabaki likiwa gari katika kila hatua.

Lakini hata ungekuwa na pesa, bado ningekuomba uiache ile rangi. Hapa ndipo suala linapozidi mambo ya mfuko.

Chukua hiyo Peugeot 504. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, ikatajwa Gari la Mwaka barani Ulaya 1969, na saluni yake ikaacha kutengenezwa huko 1983. Kwetu hadithi iliendelea. Iliunganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi, na ile ya safu tatu za viti ikasafirisha watu Bonde la Ufa na kwingineko kabla ya shuttle za siku hizi. Iliwahi kushinda Safari Rally mara mbili, 1975 na 1978. Wazazi wetu wengi walipelekwa shule ya bweni kwa Peugeot, wakiwa wamebanwa kiti cha nyuma na sanduku la bati mapajani.

Sasa fikiria gari kama hilo limesimama kwa boma fulani huko Njoro. Paa limefifia upande mmoja kwa sababu kwa miaka lilipaki chini ya mti uleule. Nyuma kuna mikwaruzo ya magunia ya viazi. Pedali ya klachi imelika upande wa kushoto, kwa hivyo unajua dereva alivyokuwa akiweka mguu. Kwenye kioo kuna kibandiko cha shule ambayo imeshabadilisha jina. Hivyo si uchafu. Ni rekodi ya jinsi Mkenya wa kawaida alivyofanya kazi, na rekodi ya aina hiyo haiwekwi katika jumba lolote la makumbusho. Ukiisugua, imeenda. Rangi nyekundu utaipata dukani siku yoyote, hata Jumapili. Miaka 40 ya jua la Njoro hakuna duka linaiuza.

Na usidhani haya ni mawazo ya mtu mmoja wa Nairobi aliyekosa kazi. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, liliidhinisha Mkataba wa Turin mwaka wa 2012, na roho ya mkataba huo ni kwamba kuhifadhi kilichopo huja kabla ya kukirudisha upya. Kwa FIVA, gari la kihistoria ni lenye umri wa angalau miaka 30, lililotunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na ambalo si la kwendea kazini kila siku. Katika maonyesho makubwa ya Pebble Beach kule Marekani kuna kitengo maalumu cha magari ambayo hayajafanyiwa ukarabati. Wenye pesa wameshaelewa. Sisi ndio bado tunakimbilia msasa.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi Wakenya moja kwa moja. Sheria zetu haziruhusu kuagiza gari la kawaida lililotumika ambalo limepita miaka minane. Maana yake ni kwamba magari mengi ya zamani unayoyaona nchini ndiyo hayo tu tuliyobaki nayo. Likiharibiwa moja, halina mrithi anayekuja kwa meli. Wakati huohuo, wanunuzi wa vyuma vikuukuu wanazunguka vijijini na mizani. Kwao Datsun 1200 pickup iliyobeba maziwa miaka 20 ni kilo kadhaa za chuma. Mama mwenye boma anahitaji karo, gari limejaa kuku, na mtu amekuja na pesa taslimu. Utamlaumu?

Hapo ndipo kijana mwenye kazi ndogo na mapenzi makubwa anaweza kuingilia kati. Magari haya hayako kwenye yadi za Ngong Road. Yako nyuma ya nyumba za walimu wastaafu, kwenye mashamba makubwa ya Laikipia na Nakuru, nyuma ya makanisa ya zamani, kando ya vituo vya petroli vilivyofungwa. Yale ya bara kavu huwa na nafuu, kwa sababu hewa ya chumvi ya Pwani hula chuma haraka.

Ukiliona, usifike na bei mdomoni. Bisha hodi kama mtoto wa watu. "Habari za nyumbani, mama. Nimeona gari pale nyuma, nikavutiwa. Lilikuwa la nani?" Kisha nyamaza, usikilize. Utaambiwa lilinunuliwa lini, lilibeba bibi harusi gani, lilikwama mto gani. Andika hayo yote, na uombe picha ya familia ikiwa na gari ikiwa ipo. Hiyo ni sehemu ya gari, sawa na injini.

Baadaye ndipo ushughulikie karatasi. Logbook ipo? Nambari ya chasisi iliyo kwenye chuma ni ileile ya kwenye karatasi? Jina ni la nani? Mara nyingi jina ni la mzee aliyefariki, na hapo usikubali kuharakishwa na mwana mmoja wa familia anayetaka kuuza usiku. Mali ya marehemu huuzwa na yule aliyepewa na korti mamlaka ya kusimamia mirathi. Ukinunua kwa njia ya mkato utakuwa umejinunulia kesi ya ndugu, na gari halitawahi kuwa lako.

Kisha lala chini, chafuka. Rangi iliyofifia haina shida. Shida ni kutu iliyokula sakafu, vizingiti vya milango na chasisi yenyewe. Inua mazulia. Gonga na bisibisi. Ikipenya kama kisu kwenye mkate, shukuru, aga, ondoka. Gari lililooza kiasi hicho ni la mtu mwenye mfuko mrefu, na hilo sitamlaumu akilifufua lote. Mimi nazungumzia gari zima lililozeeka.

Wako watakaosema, "Unataka watu wafe kwa sababu ya historia?" La. Kuna sehemu za gari ambazo ukale wake hauna heshima yoyote. Tairi huzeeka hata gari likiwa limesimama. Angalia tarakimu nne za mwisho za msimbo ulio ubavuni. 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2014, na hata kama meno yamejaa, tairi hiyo ni ya kutupa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, yabadilishe. Mipira ya petroli iliyokauka huleta moto. Taa ziwake, waipa zifute. Kama gari halikuja na mikanda ya usalama, tafuta fundi mzuri akuwekee. Mkweche unaopendeza lakini hausimami ni jeneza. Kanuni yangu ni rahisi: kinacholinda uhai kibadilishwe, kinachobeba kumbukumbu kiachwe. Bodi ioshe, ipake nta, na chini ipake mafuta ya kuzuia kutu.

Wengine watasema ni aibu. Nairobi gari ni CV. Ukifika harusini na Beetle yenye rangi ya maziwa iliyopasukapasuka, binamu mmoja lazima aulize kama uliishiwa na pesa ya rangi. Mwache aulize. Huyo binamu analipa mkopo wa gari ambalo mtaani kwake yako kumi ya rangi hiyohiyo. Yako iko moja. Na uangalie ni gari gani wazee wataliendea kulishika wakianza kusimulia.

Jambo la mwisho ni la ufundi. Pale Grogan na kando ya Kirinyaga Road bado kuna wazee wanaoweza kurekebisha kabureta kwa sikio, bila kompyuta, huku wakipiga stori. Wanajua pia yaliyozikumba baadhi ya injini za zamani baada ya petroli yenye risasi kuondolewa mwanzoni mwa 2006, kwa sababu risasi ile ilikuwa ikizilinda vali. Ujuzi huo umo mikononi mwao, haumo kwenye YouTube. Ukilitoa gari injini yake na kulipachika ya Toyota ya juzi, umepata kasi lakini umemnyima mzee huyo kazi na wewe mwenyewe somo. Ukiliacha na injini yake, itabidi mkae pamoja Jumamosi nzima. Utamshikia tochi. Mwezi wa tatu atakuachia bisibisi.

Nawaheshimu wanaopeleka magari yao Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse yakiwa yanameta hadi chini ya injini. Ni kazi kubwa na ni mapenzi ya kweli. Lakini tusiwafunze vijana kwamba hiyo ndiyo njia pekee, kwa sababu wengi hawataifikia na magari yatakufa yakiwasubiri. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ya mkono wa pili, iliyokuwa imeshashindanishwa kabla wao hawajaipata. Gari lililotumika halikuwa aibu wakati huo.

Kwa hivyo ukienda mashambani likizo ijayo, zunguka nyuma ya nyumba ya guka au ya jirani. Kama kuna kitu kimefunikwa na turubai, funua. Uliza ni la nani kabla mtu wa mizani hajafika. Na likiwa lako, lioshe, lipige picha, lipeleke kwa fundi wa breki. Yule wa rangi hana haraka.