NYUMBA TUPU INAITA MAGUGU



Kila siku ya posho tunashika majembe kwa salongo. Tunalima majani nyuma ya madarasa mpaka mikono inatoka malengelenge, na wakati wa kiangazi tunachoma moto. Mvua inaanguka, na magugu yanarudi mengi kupita ya kwanza. Juu ya nini? Sisi wa mwaka wa tano tunaona sababu iko moja: tunang'oa, lakini hatupandi kitu.

Angalieni yale majani makali yenye manyoya meupe, ambayo wenye elimu wanayaita Imperata. Mizizi yake inatembea chini ya udongo, na ncha zake ni kama sindano. Moto unakula ya juu tu. Ya chini yanabaki mazima, na yanachipuka upesi mbele ya mengine. Kumbe moto ni rafiki yake! Adui yake ni kivuli. Na Tithonia, yule mgeni wa maua ya manjano aliyetoka Meksiko, anajaza kando ya barabara zetu, mahali udongo ulichimbwa na kuachwa wazi.

Tumesoma katika Mathayo 12 habari ya nyumba iliyofagiwa na kubaki tupu: pepo mchafu alirudi pamoja na wengine saba. Shamba nalo ni vile vile. Tuweke mwenye nyumba.

Mwenye nyumba huyo yuko. Brachiaria ruziziensis ni majani ya malisho ambayo jina lake linatoka kwa bonde la Ruzizi, kule Kivu. Yanafunika udongo na kunyima magugu mwangaza. Tukiyachanganya na Stylosanthes, mmea wa jamaa ya maharagwe, udongo unapata azoti na ng'ombe wanapata chakula kizuri. Huko Kenya, tangu miaka ya 1990, watu wa ICIPE kule Mbita wanafundisha kupanda desmodiamu katikati ya mahindi: mizizi yake inazuia striga, na majani yake yanalisha ng'ombe.

Wengine watasema: mgeni huyu naye atageuka gugu. Neno hilo lina kweli. Kwa hiyo tusipande hata kidogo juu ya vilima vya shaba, kwani mimea mingine ya pale haipatikani popote tena duniani. Tena miezi ya kwanza lazima kupalilia, na mbuzi wangoje mpaka majani yashike udongo vizuri.

Tunaomba kipande kimoja tu, mvua zikianza. Nusu tutalima kwa jembe kama desturi, nusu tutapanda malisho. Kisha mvua mbili kupita, kila mtu atakuja kuona kwa macho yake. Tukishindwa, tutarudi kwa jembe bila kunung'unika. Lakini tukishinda, wadogo wetu watakaotufuata watashika vitabu siku ya posho.